Mitumba, Ushuru na Siasa za Jukwaani: Nani Hulipa?

Mwishoni mwa mwezi wa Rajabu, kamati ya msikiti wetu ililetewa barua yenye sahihi 31. Msikiti una fremu tatu za wakfu zinazotazamana na barabara ya sokoni. Moja amepanga fundi cherehani, ya pili amepanga mama mmoja mjane anayeuza nguo za mitumba za watoto, na ya tatu ilikuwa wazi. Waandishi wa barua, wengi wao vijana, waliomba kwamba mkataba wa yule mama, unaomalizika mwishoni mwa Shaabani, usihuishwe. Walisema si heshima wakfu wa Waislamu kuwa ghala la nguo zilizovuliwa na watu wa mbali, na kwamba kila belo linalofunguliwa barazani petu ni cherehani moja inayofungwa mtaani.

Barua ilikuwa nzuri. Ilisomwa kwa sauti baada ya swala ya Isha na wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Nasi tuliokabidhiwa dhamana ya ukatibu tuliagizwa kuandika notisi, na tuliiandika usiku ule ule kwa maneno ya adabu. Ilibaki kupigwa muhuri tu.

Asubuhi yake mzee mmoja wa kamati, ambaye kwa kawaida husikiliza zaidi kuliko kusema, alituuliza swali moja. "Ustadh, hao wawili wenyewe mmekwenda kuwauliza? Fundi na yule mama?" Hapakuwa na aliyekwenda. Sahihi 31 zilikuwa zimekusanywa, maamuzi yalikuwa yamefikiwa, na waliohusika hawakuulizwa. Notisi ikawekwa kwenye faili kwa wiki mbili, nasi tukatakiwa tufanye uchunguzi na kuleta maelezo.

Makala haya ni sehemu ya maelezo hayo. Tulipoanza tulidhani jambo lenyewe ni la baraza letu. Tulipolifuatilia lilitupeleka Arusha, Kigali, Washington na Maseru, kisha likaturudisha pale pale kwenye fremu mbili.

Nguo iliyovuka bahari

Vijana wa leo wameikuta mitumba kama walivyoikuta lami. Wazee wetu wanakumbuka ilivyoingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa na uhaba wa karibu kila kitu: sabuni, sukari, khanga, hata sanda. Viwanda vikubwa vya nguo vilikuwapo, kama Urafiki cha Dar es Salaam na Mwatex cha Mwanza, lakini vilikosa vipuri, umeme wa uhakika na fedha za kigeni. Mwaka 1983 Serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi na walanguzi. Wazee husimulia jinsi watu walivyotupa bidhaa usiku wakiogopa kukutwa nazo, na wale wale waliokosa kipande cha kitambaa wakashangilia walanguzi kukamatwa. Rafu za maduka, hata hivyo, hazikujaa kwa msako.

Kuanzia 1984 milango ya biashara ikaanza kufunguliwa, na miongoni mwa vilivyoingia kwa wingi ni nguo kuukuu kutoka Ulaya na Marekani. Watu waliziita "kafa Ulaya", kwa dhana kwamba ni nguo za marehemu. Jirani zetu wa Uganda wanaziita mivumba. Masoko makubwa yalisimama juu yake: Karume hapa Dar es Salaam, Gikomba Nairobi, Owino Kampala. Familia ambazo zamani zilimnunulia mtoto nguo moja kwa mwaka, ya Idi, zikaweza kumvisha mwaka mzima.

Wakati huo huo viwanda vilizidi kudhoofu, na hapo ndipo hoja ya waandishi wa barua inapopata nguvu yake. Ni kweli kwamba pamba ya Shinyanga, Simiyu na Mwanza sehemu yake kubwa husafirishwa ikiwa ghafi. Ni kweli pia kwamba taifa linalouza pamba na kununua fulana zilizokwisha kuvaliwa lina jambo la kujiuliza. Anayetaka watoto wake wavae nguo iliyofumwa na kushonwa nyumbani hana kosa. Swali ni njia ya kufikia hapo, na nani atalipa gharama ya njia hiyo.

Uamuzi wa 2016 na jibu la Washington

Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha na kuelekeza kwamba nchi wanachama ziendeleze viwanda vya nguo na ngozi, na kwamba uingizaji wa nguo na viatu vilivyotumika usitishwe hatua kwa hatua katika muda wa miaka mitatu. Ushuru ukapandishwa. Rwanda ndiyo iliyokwenda mbali zaidi: ushuru wa kilo moja ya mitumba uliokuwa senti 20 za dola ukawa dola 2 na senti 50.

Ng'ambo ya bahari, uamuzi huo uliwagusa wenye biashara ya kukusanya na kuuza nguo hizo. Mwezi Machi 2017 chama chao nchini Marekani, kinachojulikana kwa kifupi SMART, kilipeleka malalamiko kwa Mwakilishi wa Biashara wa nchi hiyo. Kilidai kwamba ajira 40,000 za Wamarekani zilikuwa hatarini. Silaha yao ilikuwa sheria ya AGOA ya mwaka 2000, inayoziruhusu nchi za Afrika zinazokidhi masharti kuuza bidhaa nyingi Marekani bila ushuru. Moja ya masharti hayo ni nchi husika kuondoa vizuizi dhidi ya biashara ya Marekani.

Hapa msomaji atazame tarehe. Mwezi Januari mwaka ule ule, Rais Donald Trump alikuwa ameingia madarakani kwa kauli ya "Marekani Kwanza", akiwaahidi wapiga kura kulinda viwanda vyao dhidi ya bidhaa za nje. Serikali iliyoahidi watu wake kinga hiyo ndiyo iliyozihoji nchi maskini kwa kutafuta kinga ya aina hiyo hiyo.

Kenya, yenye viwanda vingi vinavyoshona nguo kwa ajili ya soko la Marekani, ilijitoa mapema katika mpango wa Arusha na haikuingizwa katika uchunguzi. Tanzania na Uganda zilichunguzwa, zikarudi nyuma na kutoa ahadi kwamba hazitapiga marufuku. Rwanda ilikataa. Rais Paul Kagame alieleza hadharani kwamba nchi yake ilikuwa mbele ya uchaguzi mgumu, na kwamba ilikuwa tayari kubeba matokeo ili ijenge viwanda vyake. Mwishoni mwa Julai 2018 Marekani ikasitisha unafuu wa AGOA kwa nguo zinazotoka Rwanda.

Tuupime mzozo huo kwa mizani. Mauzo ya Rwanda yaliyoguswa na adhabu ile yalikadiriwa kuwa dola milioni moja na nusu hivi kwa mwaka. Kwa uchumi wa Marekani kiasi hicho hakionekani. Hata hivyo kilitosha kuzigawa nchi za Jumuiya moja katika njia tatu tofauti: moja ikajitoa, mbili zikarudi nyuma, moja ikasimama peke yake. Umoja uliotangazwa Arusha ulidumu kwa muda mfupi kuliko belo lililofungwa vizuri.

Na Rwanda ilipata nini? Viwanda kadhaa vya kushona vilipata nafasi ya kusimama, na hilo si dogo. Lakini mitumba iliendelea kuingia kwa magendo kupitia mipakani, na mnunuzi wa kipato cha chini alijikuta kati ya nguo mpya asiyoimudu na kuukuu iliyopanda bei. Aidha, mshindani mkubwa hakuwa mitumba peke yake. Nguo mpya za bei nafuu kutoka Asia zilikuwapo na ziliendelea kuja. Ukimfungia mlango muuza kuukuu bila kuwa na kiwanda kilichokwisha kusimama, nafasi yake mara nyingi huchukuliwa na meli nyingine, si na jirani yako.

Siasa za jukwaani zina mantiki gani?

Tunaposema siasa za jukwaani, hatuna maana ya kila siasa inayopendwa na watu. Kiongozi kupendwa si aibu. Tunakusudia zile siasa zinazougawa ulimwengu kwa mstari mmoja: upande huu sisi wema tulioonewa, upande ule wageni na vibaraka wao, kisha zikasema kwamba dawa ni moja, rahisi na ya haraka, ila imezuiliwa na wasiotutakia mema. Siasa hizi hupenda sana biashara ya nje kwa sababu mgeni hapigi kura. Ushuru unaotangazwa dhidi ya mgeni unasikika kama adhabu juu yake. Jukwaani husahaulika kwamba anayeulipa bandarini ni mwingizaji wa ndani, naye huuhamishia kwa mwenye duka, na mwenye duka kwa mama mwenye kikapu.

Haya hayakuanza jana. Mwezi Juni 1930 Rais Herbert Hoover wa Marekani alitia saini sheria ya Smoot-Hawley iliyopandisha ushuru wa maelfu ya bidhaa, ingawa wanauchumi zaidi ya 1,000 walimwandikia wakimsihi asitie saini. Kanada na nchi kadhaa za Ulaya zikajibu mapigo. Dunia ilikwisha kuingia katika mdororo mkubwa, na kila nchi ilipojifungia, mdororo ulizidi. Kati ya 1929 na 1934 biashara ya dunia ilishuka kwa takriban theluthi mbili. Ni kumbukumbu ya hasara ile iliyoyasukuma mataifa, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kuweka mkataba wa ushuru na biashara wa 1947, na baadaye Shirika la Biashara Duniani mwaka 1995.

Shirika hilo lilikusudiwa kuwa mahali ambapo mdogo anaweza kumshtaki mkubwa. Tangu Desemba 2019 baraza lake la rufaa halifanyi kazi, kwa kuwa Marekani ilizuia uteuzi wa majaji wapya. Aliyeshindwa anaweza kukata rufaa kwenye baraza lisilo na majaji, na shauri likabaki hewani.

Kisa cha Lesotho

Tarehe 2 Aprili 2025 Rais Trump, aliyekuwa amerejea madarakani, alitangaza ushuru mpya kwa karibu dunia nzima. Tanzania, Kenya na Uganda zilitajiwa asilimia 10. Lesotho, nchi ndogo ya milimani iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini, ilitajiwa asilimia 50.

Lesotho ilikuwa imefanya nini? Ushuru huo uliitwa wa "nipe nikupe", yaani kulipiza kile ambacho nchi nyingine zinaitoza Marekani. Lakini hesabu iliyotumika haikupima ushuru wa nchi hizo. Ilichukua pengo la biashara ya bidhaa kati ya Marekani na nchi husika, ikaligawa kwa thamani ya bidhaa ambazo nchi hiyo inaiuzia Marekani, kisha ikagawa kwa mbili. Mwaka 2024 Marekani ilinunua kutoka Lesotho bidhaa za dola milioni 237 hivi, hasa nguo na almasi, na kuiuzia bidhaa za chini ya dola milioni tatu. Watu wa Lesotho hawakuwa wamejenga ukuta dhidi ya bidhaa za Marekani. Walikuwa maskini na hawakuwa na fedha za kuzinunua. Kwa hesabu ile, umaskini wao ukasomeka kama hila.

Ushuru huo ulisitishwa kwa muda na baadaye, mwezi Agosti, kiwango cha Lesotho kikateremshwa hadi asilimia 15. Lakini wateja walikuwa wamekwisha kusitasita na kazi zilikuwa zimekwisha kupungua katika viwanda vya Maseru, ambavyo wafanyakazi wake wengi ni wanawake. Mwezi Julai serikali ya nchi hiyo ilitangaza hali ya maafa kwa sababu ya ukosefu wa ajira. Tarehe 30 Septemba 2025 muda wa AGOA yenyewe ukamalizika kabla Bunge la Marekani halijauhuisha, na makumi ya maelfu ya washonaji wa Kenya nao wakaingia katika wasiwasi huo huo. Biashara ya nguo hupangwa miezi mingi kabla. Asiyejua ushuru wa mwezi ujao haagizi.

Neno "ushuru" na kumbukumbu tuliyoisahau

Neno ushuru limetujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni fungu la kumi. Wanavyuoni wa fiqhi, akiwamo Abu Yusuf katika kitabu chake cha Kharaj, wamelieleza chimbuko lake. Abu Musa al-Ash'ari (r.a) alimwandikia Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a) kumwarifu kwamba wafanyabiashara wa Kiislamu waendapo nchi za kigeni hutozwa fungu la kumi. Sayyidna Umar akaelekeza kwamba wafanyabiashara wa nchi hizo nao watozwe vivyo hivyo.

Msomaji anaweza kusema: basi hiyo ndiyo "nipe nikupe" yenyewe. Tulisimama hapo kwa muda, maana nasi tulidhani hivyo. Lakini tazama tofauti mbili. Kwanza, kipimo chake kilikuwa kile wanachotozwa watu wetu hasa, si pengo la nani kauza zaidi. Pili, Imamu Malik katika Muwatta anapokea kwamba Sayyidna Umar aliwatoza Wanabati nusu ya fungu la kumi kwa ngano na mafuta, akitaka shehena za vitu hivyo ziongezeke Madina, ilhali kwa nafaka za jamii ya kunde aliwatoza fungu zima. Mtawala yule yule aliyelipiza alipolazimika, alijua pia kuteremsha ushuru wa mgeni kwa ajili ya chungu cha mtu wake. Hakuuliza tu "mgeni ametufanyia nini?" Aliuliza pia "mji utakula nini?"

Hatuleti kisa hiki ili kudai kwamba vitabu vyetu vina jedwali la ushuru wa forodha kwa karne hii. Tunachojifunza humo ni namna ya kuuliza.

Sisi nasi kwa jirani zetu

Isiwe tunawanyooshea kidole wa mbali tu. Mwezi Oktoba 2017 mamlaka za Tanzania ziliteketeza vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilivyokamatwa Namanga. Sababu iliyotolewa ilikuwa hofu ya magonjwa, lakini picha zake ziliwaudhi watu wa pande zote mbili. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, malori yakakwama mpakani, na baada ya siku chache zuio likaondolewa kwa masharti. Mwezi Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini kwa kuwa nchi hizo zilikuwa zimezuia ya kwetu, zikiwamo ndizi. Siku chache baadaye pande husika zikazungumza na zuio likaondoka.

Katika matukio hayo afya ya mlaji na haki ya mkulima ni hoja za kweli. Sumukuvu huua, na mkulima wa ndizi wa Rungwe ana haki ya kuuliza kwa nini soko la jirani limefungwa kwake. Lakini nyanya iliyooza ndani ya lori haimsubiri waziri amalize mazungumzo. Hasara ya siku chache huwa imekwisha kuingia katika daftari la mtu ambaye jina lake halikutajwa jukwaani.

Mwezi Agosti 2023 Rais Yoweri Museveni alitangaza Mbale kwamba anapiga marufuku mivumba, akarudia ile hoja kwamba ni nguo za wafu. Wafanyabiashara wa Owino wakapaza sauti, na masoko yakaendelea na kazi. Hoja ya 2016 ilikuwa imerudi, na sisi kwa barua yetu ya sahihi 31 tulikuwa tukiirudia kwa mara nyingine barazani petu.

Fremu mbili

Tulikwenda kwanza kwa fundi, tukitarajia kukusanya ushahidi. Tulimkuta ameinamia suruali ya kijana. Tulipomweleza habari ya barua alicheka kidogo, akasema hata yeye alitia sahihi kwa sababu kila aliyekuwa barazani alitia.

"Lakini Ustadh, hii suruali mnayoiona ni ya mitumba," alisema. "Napunguza kiuno na urefu. Wateja wangu wa siku za kazi, nusu yao wanatoka kwa mama hapo jirani. Wananunua kwake, wanaleta kwangu."

Tukamuuliza basi ni nini kinachomwumiza. Akatuonyesha kanzu iliyotundikwa ukutani, mpya, ya dukani, kutoka nje. Alisema Kariakoo inauzwa kwa bei ambayo yeye hawezi hata kununulia kitambaa, kabla ya uzi, umeme na jasho lake. Kitambaa kinatoka nje na kina ushuru wake, na cherehani ikiharibika kipuri nacho kinatoka nje na kina ushuru wake. "Mkimwondoa mama, mimi sipati kanzu. Nakosa suruali."

Kwa mama tulikaa juu ya kigoda. Ana watoto watatu na marehemu mumewe tulimswalia sisi wenyewe. Alitueleza kwamba belo ni kama bahati nasibu ingawa yeye hapendi neno hilo: unalipa limefungwa, na ukilifungua unaweza kukuta nusu yake haiuziki. Kila ushuru unapopanda, au shilingi inaposhuka mbele ya dola, bei ya belo hupanda naye hawezi kumpandishia mnunuzi kwa kiasi hicho, kwani mnunuzi wake ni mama mwenzake mwenye elfu mbili mkononi na mtoto mgongoni. Kabla hatujaaga alituuliza kama kuna tatizo na mkataba. Hatukuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba notisi yake ilikuwa ndani ya faili tulilolishika.

Uamuzi wetu na gharama yake

Kikao cha pili kilikuwa kirefu. Wapo waliosema tumekwenda kutafuta visingizio, na kwamba umma usiojinyima kidogo hautajenga chochote. Hoja hiyo hatukuidharau. Viwanda vya mataifa yaliyoendelea, Marekani ikiwamo, vilikua chini ya kinga ya ushuru, na anayesema kinga ni haramu daima hajasoma historia. Lakini kinga iliyojenga ilikuwa na mambo ambayo barua yetu haikuwa nayo: ilijua inamlinda nani, kwa muda gani, kwa kumpa nini cha kufanyia kazi, na nani atabeba gharama wakati anajifunza. Barua yetu ilijua jambo moja tu, yaani nani aondoke.

Tuliafikiana mambo mawili. Mkataba wa mama umehuishwa kwa mwaka. Fremu ya tatu wamepewa mafundi vijana wanne, baadhi yao wakiwa miongoni mwa waliotia sahihi, kwa kodi nafuu ya miezi sita. Sare za madrasa yetu zitashonwa kwao kwa kitambaa kilichofumwa nchini kila kinapopatikana. Baada ya miezi sita kodi itakuwa ya kawaida, nao wamelikubali hilo kwa maandishi.

Si uamuzi usio na maumivu. Sare ya fundi wetu imekuwa ghali kidogo kuliko ile iliyokuwa ikinunuliwa Kariakoo, na wazazi wawili wametuuliza, kwa haki kabisa, kwa nini wao ndio walipie uzalendo wa kamati. Kwa wenye uwezo mdogo mfuko wa msikiti unachangia tofauti hiyo, na mfuko wenyewe si mkubwa. Ikiwa baada ya muda vijana hawataweza kushona kwa ubora na kwa wakati, itabidi tukubali kwamba tulikosea, na tuseme hivyo mbele ya waumini.

Ndugu msomaji, wewe pengine huketi kwenye kamati wala huweki ushuru wa forodha. Lakini utasimama mbele ya jukwaa, na siku hizi jukwaa lipo hata kwenye simu iliyo mkononi mwako. Utaambiwa kwamba riziki yako imechukuliwa na fulani, na kwamba akiondoka itarudi. Kabla hujapiga makofi au kutia sahihi, uliza: bidhaa hii ikizuiwa, nani atapandishiwa bei? Nafasi itakayoachwa itachukuliwa na nani, jirani yangu au meli nyingine? Na anayezuiwa akijibu, pigo lake litamwangukia nani? Ukipata majibu ya kweli na bado ukaona kizuizi kinafaa, kiunge mkono kwa dhamiri safi.

Notisi ile bado imo ndani ya faili, haijapigwa muhuri. Mjumbe mmoja alitaka tuichane. Tuliomba ibaki, ili katibu atakayekuja baada yetu aione na asome jinsi ilivyoandikwa kwa maneno mazuri.

Wabillahi tawfiq.